Mishale Miwili Ubavuni mwa Tairi

Pikipiki yangu ni BSA M20 ya silinda moja, injini yake ikiwa na sentimita za ujazo 496, aina iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili. Niliipata ikiwa na matairi vipara, na kwa kuwa magurudumu yake yote mawili huvaa tairi la ukubwa uleule, 3.25 kwa rimu ya inchi 19, niliagiza mawili yanayofanana.

Fundi wa pancha wa mtaani kwetu Arusha, ambaye hushinda akihudumia bodaboda, aliyafunga yote mawili mshale wa ubavuni, unaoonyesha tairi lizungukie wapi, ukielekea mbele, nami sikuwa na neno. Jioni, nilipochuchumaa kufuta sabuni iliyogandia kwenye rimu, ndipo nilipoona kwamba kila tairi lina mishale miwili inayopishana, mmoja wa gurudumu la mbele na mwingine wa gurudumu la nyuma, na kumbe tulikuwa tumefuata ule wa nyuma kotekote.

Mpira wa kashata, yaani ule unaokanyaga barabara, huzungushwa juu ya mwili wa tairi ukiwa ukanda, na ncha zake zilizokatwa mshazari hulaliana zinapokutana. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma, hivyo kiungo hicho hulazwa ili nguvu ya injini izidi kukifunga. La mbele halisukumi, mzigo wake mkubwa ni breki, ambayo huvuta kinyume, na tairi lisipogeuzwa kila breki kali hukivuta kiungo kifunguke.

La mbele nililirudia mwenyewe. Kabla ya kuchomoa ekseli nilichora mshale wa chaki kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kwa sababu gurudumu likishalala chini ni rahisi mno kusahau lilikuwa linazungukia wapi. Wakati wa kurudisha tairi nilikanyaga ukingo wake uzame katika bonde la katikati ya rimu, nikamalizia penye vali. Hata hivyo niliitoboa tyubu kwa chuma cha kubandulia, nikapoteza saa nzima kwa kiraka (fundi angecheka). Nilijaza upepo mpaka mstari mwembamba ulio karibu na rimu ukatokeza sawasawa pande zote.

Nati ya vali sikuikaza hadi kwenye rimu. Tairi likiteleza na kuiburuta tyubu, vali italala upande, nami nitaiona kabla haijang'oka.