Merhaba, na Mimi Sijaamkiwa

Kijana wa kwanza kunisalimu Uturuki alinichekesha nusura niangushe begi. Ndiyo kwanza natoka uwanja wa ndege wa Dalaman, Mei 2023, akanitazama usoni akasema, "Merhaba!" Mimi mtu wa Tanga, nina miaka 52. Marahaba naitoa mimi, siyo kupewa na mtoto ambaye hata sijamwamkia.

Nilikuwa nimemsindikiza rafiki yangu wa kazini kutoka Leicester, Mwingereza, pamoja na mumewe. Walitaka kununua nyumba ya mapumziko Fethiye, ukanda wa kusini-magharibi ambako Waingereza wamejaa hadi hoteli zinapika maharage ya kopo. Mimi nilialikwa kwa sababu, walisema, ninajua kupatana bei.

Kwenda Çalış, upande wa ufukweni, tulipanda dolmuş. Jina lenyewe maana yake "imejaa", na kwa hilo wamewazidi wenye daladala kwa ukweli. Konda hakuna. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji ikarudi kwa njia hiyohiyo bila kupungua hata senti.

Mume wa rafiki yangu alikuwa amejifunza Kituruki kwenye simu miezi sita, na kila jioni alilalamika kwamba maneno yao hayana mwisho. Nilimwonea huruma kidogo tu. Sisi tunasema *sikuja*: si, ku, ja. Wao wanasema *gelmedim*: gel ndiyo ja, me ni ya kukana, di ya wakati uliopita, na m ni mimi. Treni ni ileile, mabehewa tu wameyapanga kinyume. Na kwa vile wanaandika kwa herufi za Kilatini tangu 1928, nilitembea mjini nikiokota maneno ya nyumbani kwenye mabango: saat, dakika, sabun, kitap. Nilipopita kwa mafundi wanaochimba barabara, watu waliwaambia *kolay gelsin*. Rafiki yangu alihangaika kuitafutia Kiingereza chake. Mimi nilisikia "poleni na kazi", basi.

Dalali alitupa chai kabla hajatuuliza majina. Chai yao huja kwenye bilauri ndogo yenye kiuno chembamba, haina maziwa, na haiishi: ukimaliza unajaziwa, mpaka ulaze kijiko juu ya mdomo wa bilauri. Hilo nililijua siku ya tatu, baada ya kukesha usiku mara mbili.

Nyumba aliyotuonyesha ilikuwa ghorofa ya tatu: vyumba viwili, jua tele, na baraza ambayo ukiinama kidogo unaiona bahari. Rafiki yangu alishalainika. Alitaka kutoa arbuni siku hiyohiyo. "Ametutendea wema sana," alisema. Nikamwambia hata dalali wa Tanga atakununulia kahawa na kashata, na kiwanja kikawa cha mjomba wake.

Tukiwa tunashuka ngazi, mlango wa chini ulikuwa wazi. Bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, ambaye jengo zima linamwita *teyze*, yaani mama mdogo, alituita kwa mkono. Akasema neno nililolisikia kama "msafiri". Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, wasafiri. Akaufungua mlango zaidi. Kumbe *misafir* kwao ni mgeni, na anayetokea bila kutarajiwa humwita *Tanrı misafiri*, mgeni wa Mungu. Tukavua viatu, tukapewa ndala za wageni, tukapakuliwa börek ya jibini yenye moto. Chai, bila shaka.

Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye nyumba tuliyotoka kuiona, akasema: "İskan yok." *Yok* nilishaijua, ni "hakuna", kila duka lilinifunza. *İskan* ilinigonga kama "maskani". Simu ya mume wa rafiki yangu ikatafsiri yaliyobaki. İskan ni kibali cha manispaa kwamba jengo limekamilika na linafaa kukaliwa. Lisipokuwa nacho, hati unayopata ni ya jengo ambalo kisheria bado linajengwa. Hati kamili, *kat mülkiyeti*, husubiri kibali hicho. Bibi hakuwa anatupiga umbea. Alikuwa mtoto tetemeko la 1957 lilipoibomoa Fethiye, na miezi mitatu tu kabla ya ujio wetu alikuwa ameona kwenye televisheni tetemeko jingine likiyalaza chini majengo ya kusini-mashariki mwa Uturuki na watu ndani. Kwake karatasi ile haikuwa karatasi.

Asubuhi tukamuuliza dalali. Aliagiza chai. Akasema kibali kiko njiani, miaka minne sasa kiko njiani, wala si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Sikumwona mwongo, na mpaka leo simwoni hivyo: alikuwa mkarimu, na alikuwa anauza. Rafiki yangu alinitazama. Nikalaza kijiko juu ya bilauri.

Siku tatu zilizobaki hatukutazama nyumba yoyote. Tulipanda kuyaona makaburi ya Walikia, watu wa kale wa pwani ile, yaliyochongwa mwambani juu ya mji, tukaogelea, tukaenda soko la Jumanne nikanunua zafarani ambayo dada yangu baadaye aliniambia si zafarani.

Siku ya kuondoka tulipita kumuaga teyze. Alitubusu mashavuni, akatufungia börek kwenye karatasi. Teksi ilipong'oa nanga akatoka mbio na bakuli, akamwaga maji barabarani nyuma yetu. Rafiki yangu alishtuka, akadhani tumemkosea. Dereva akacheka, akamweleza kwa Kiingereza cha kuungaunga: nendeni kama maji, mrudi kama maji.

Rafiki yangu aligeuka akaitazama ile alama ya maji mpaka kona ilipoificha. Kisha akatoa simu, akaanza kutafuta nauli za Oktoba.