Nilivyopaka njano hafifu sebule ya nyumba ya mawe, Mikindani

Nyumba tuliyorithi Mikindani ina sehemu mbili zisizofanana. Mbele ni kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, na nyuma ni vyumba vya matofali ya saruji vilivyoongezwa baadaye. Sebule iko mbele, madirisha yake ni madogo, na weupe wake wa zamani ulikuwa ukigeuka kijivu mara jua linapoanza kushuka. Nilitaka njano hafifu inayokaribia krimu, kwa sababu huchangamsha chumba chenye mwanga haba.

Fundi alipendekeza rangi ya maji ya dukani na rola. Nilipotaja chokaa alicheka: "Mama, chokaa ni ya mashina ya miembe na mawe ya barabarani!" Hata hivyo, kuta za namna hii hufyonza unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini, na zikizibwa kwa rangi hiyo ya dukani, ambayo ina plastiki, unyevu hukosa pa kutokea, hadi rangi ibanduke pamoja na lipu. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Tuliikoroga chokaa kwa maji hadi ikawa nyepesi kama maziwa. Rangi ya unga niliyochagua ni oksaidi ya njano, kwa kuwa hiyo huhimili ukali wa chokaa, ilhali njano nyingine nyingi hupauka humo. Tuliilainisha kwanza kwa maji, tukaichuja kwa kipande cha kanga, kisha tukaitia kidogo kidogo, tukihakikisha haizidi sehemu ya kumi ya uzito wa chokaa, maana ikizidi hapo ukuta huchafua nguo za kila anayeuegemea. Ikiwa mbichi, rangi hii huonekana iliyokolea mno na mtu asiyeijua angeanza kuizimua. Kwa hiyo tulipaka kiraka nyuma ya mlango na kusubiri kikauke kabla ya kuamua. Chokaa ya sebule nzima tuliichanganya kwa mara moja, kwani kuupata tena mlingano uleule ni bahati nasibu.

Tulifanya kazi wakati wa kusi, mvua zikiwa zimekwisha. (Wengi huku hupaka nyumba wanapolipwa fedha za korosho, wakati mvua nazo ziko njiani.) Ukuta ulilowanishwa kwanza, mikono ya rangi (yaani tabaka zake) ikawa myembamba, na kila mkono uliachwa ukauke polepole, dirisha la upande wa jua likiwa limefungwa. Macho tuliyakinga kwa miwani, kwani chokaa huunguza.

Vyumba vya nyuma vilipakwa rangi ya maji ya kawaida. Sebuleni niliondoa taa nyeupe zenye ubuluu, ambazo huifanya njano ielekee ukijani, nikaweka za mwanga wa manjano, na vinyago vya mpingo sasa vinaonekana vizuri kuliko zamani. Chokaa iliyosalia imo kwenye ndoo yenye mfuniko, maji yakiwa juu yake, kwa ajili ya viraka vya baada ya masika.