Kumbukumbu ya mradi, wiki ya 7: kiini kidogo kilichonata

Jana usiku hatimaye picha ya 212 imesomwa sawasawa.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: naandika programu inayosoma picha za darubini za limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, ili kukadiria mtu amepata mionzi kiasi gani. Mionzi ikikata kromosomu, kipande huachwa nyuma chembe inapogawanyika, kisha hujikunja kuwa kiini kidogo kando ya kiini kikubwa cha chembe. Kadiri mionzi ilivyokuwa kali, ndivyo viini hivi vinavyoongezeka. Kanuni zake zinajulikana: kipenyo kati ya 1/16 na 1/3 ya kiini kikubwa, rangi ileile, na kikigusana na kikubwa, mpaka wao uonekane.

Huo mpaka ndio umenila wiki mbili. Katika picha ya 212 kuna kiduara kilichonata ukingoni, na katikati mstari mweusi mwembamba kama unywele. Programu iliona kiini kimoja chenye nundu. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nalainisha picha kwanza ili kuondoa chengachenga, na mstari ukafutika nazo. Sasa natenganisha viini kwanza, kulainisha baadaye.

Kiduara kimoja si kitu kidogo. Ukikosa vichache kwa kila mtu, aliyepata zaidi ya grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa na mwili), ambaye uboho wake unatakiwa kufuatiliwa mapema, anaambiwa arudi nyumbani.

Kila nikichoka naikumbuka Goiânia, Brazili, 1987. Chanzo cha sesiamu-137, dutu yenye mionzi, kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa kilivunjwa. Watu wapatao 112,000 wakapimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, wanne wakafa. Kifaa cha kupimia mionzi kinachopitishwa juu ya mwili huona uchafu uliobaki. Mionzi iliyopenya ikapita hakiioni. Damu ndiyo inayoonyesha, na kuisoma kwa jicho, chembe baada ya chembe, kwa umati ule haiwezekani. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Columbia kilibuni RABiT, roboti inayotumia tone la damu la kidoleni, iliyokusudiwa kufikia sampuli 30,000 kwa siku. Mimi nahangaika na kipande cha kusoma picha tu. Hata hivyo, kuotesha chembe za damu maabara ili zigawanyike kabla ya kupigwa picha huchukua takriban siku tatu, na hapo programu yangu haisaidii.

Marekebisho yameleta tatizo jipya: viini vyenye umbo la haragwe sasa vinakatwa viwili. Picha 31 nimeziweka kando nizisome mwenyewe kwa jicho. Grafu ya kulinganisha hesabu na grei siigusi mpaka hizo ziishe.