Tazama mkono wa kulia wa Django

Watu wakimtaja Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ya Kijipsi, huanza na mkono wa kushoto. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, moto ulizuka ndani ya gari la farasi alimokuwa akiishi. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vikaungua vibaya, na tangu hapo solo zake alizipiga kwa vidole viwili. Ni kisa cha kweli na kinasisimua, lakini kwa mtu anayejifunza jazi ya Kijipsi hakisaidii kitu. Vidole vyako viko vizima. Kinachokushinda kiko upande wa pili wa gitaa.

Kuna filamu fupi ya mwishoni mwa miaka ya 1930 inayomwonyesha akiwa na mpiga fidla Stéphane Grappelli na wenzao wa Quintette du Hot Club de France, bendi yao. Nimeitazama hadi naijua kila kona. Sasa nikiitazama huwa naziba kwa kiganja ule upande wa skrini wenye mkono wa kushoto. Ukifanya hivyo unaona kitu ambacho kilikuwepo muda wote: kifundo cha mkono wa kulia kimepinda kwenda nje, kiganja kinaelea, hakikulazwa kwenye daraja la gitaa, na mkono unashuka kwa uzito wake wenyewe kama mtu anayekung'uta maji vidoleni.

Mimi nimelelewa na gitaa la umeme. Kiganja nilikiegemeza kwenye daraja, piki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) nyembamba, juu-chini, juu-chini, sauti yote kazi ya amplifaya. Kwa muziki niliokuwa napiga, ilitosha kabisa. Kwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, pembeni ya magitaa mawili ya ridhimu yanayogonga kwa nguvu, haikusikika hata noti moja.

Pigo lenyewe ni hili. Piki inaushukia uzi, inaupita, halafu inatua juu ya uzi unaofuata na kukaa hapo. Hairudi hewani. Ukipiga uzi wa tatu, piki inasimamia uzi wa pili. Ukiupiga uzi wa kwanza, ule mwembamba wa chini kabisa, hakuna uzi wa kuipokea, kwa hiyo inaishia kwenye hewa tu. Nguvu haitoki kwenye misuli; inatoka kwenye kuanguka. Mwalimu wangu, mtu wa maneno machache sana, kwa wiki kadhaa alikuwa na sentensi moja tu kwangu: "Ndugu yangu, usiupige. Uache mkono uanguke." Wapiga udi wanalijua pigo hili vizuri, na nadhani mpiga udi angejifunza jazi hii haraka kuliko mpiga gitaa la umeme.

Pigo la kupandisha lipo, ila ni jepesi, la kurudisha mkono juu ili uanguke tena. Hapo ndipo inapokuja sheria inayovuruga kila kitu ulichokuwa unakijua: kila unapohamia uzi mwingine, unaanza na pigo la kushuka. Hata kama noti uliyotoka kuipiga nayo ilikuwa ya kushuka. Ukipiga noti tatu kwenye uzi mmoja ni chini, juu, chini. Ukihamia uzi mwingine ni chini tena. Mtu aliyezoea kupishanisha juu na chini bila kukosea atahisi kama amefungwa kamba miguuni.

Chukua arpejio ya A maina, yaani noti za kodi hiyo zikipigwa moja moja, nafasi ya tano. Uzi wa nne freti ya saba, wa tatu freti ya tano, wa pili freti ya tano, wa kwanza freti ya tano, kisha freti ya nane kwenye uzi huohuo. Mapigo: chini, chini, chini, chini, juu. Ukipanda hivi kuelekea noti za juu, sheria inakulipa. Kila piki inapotua, inatua juu ya uzi unaotaka kuupiga, tayari iko mahali pake. Hakuna kutafuta. Unabonyeza tena, inaanguka tena, na zile noti nne zinatoka kama mwendo mmoja wa mkono, kila moja ikiwa nzito na safi.

Sasa geuka ushuke kuelekea noti za chini. Uzi wa kwanza freti ya nane ni chini, freti ya tano ni juu. Uzi wa pili unadai pigo la kushuka, lakini piki imebaki katikati ya uzi wa kwanza na wa pili, kwa hiyo lazima iuruke uzi wa pili ili iuangukie kutoka juu. Inaupiga, inatua kwenye uzi wa kwanza. Halafu lazima irudi nyuma ivuke nyuzi mbili ili iuangukie uzi wa tatu. Halafu tena kwa uzi wa nne. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kurudi juu-chini, na mtu akikusikiliza anajua papo hapo, maana sauti inakonda. Nilichogundua ni kwamba mkono wa kulia ndio unaopanga vidole vya kushoto, si kinyume chake. Nikiona njia ya kushuka inahitaji miruko mingi, nabadilisha mahali pa kushika: naongeza noti kwenye uzi mmoja, nasogea kando kando ya shingo badala ya kuvuka nyuzi. Na ukiangalia, Django mwenyewe alikuwa akikimbia hivyo hivyo, kwa urefu wa shingo. Vidole viwili havikumpa njia nyingine, ila mkono wa kulia nao ulifaidika.

Tena mkono huo haukuzaliwa na ajali. Kabla ya moto alikuwa tayari anafanya kazi katika kumbi za dansi za Paris, akipiga banjo ya nyuzi sita nyuma ya akodioni. Anayejua kelele ya akodioni ndani ya ukumbi uliojaa watu ataelewa kwa nini mpiga nyuzi alilazimika kupata namna ya kusikika. Quintette ilipoanza mwaka 1934 haikuwa na ngoma hata moja: fidla, besi, gitaa la solo na magitaa mawili ya ridhimu. Magitaa ya kampuni ya Selmer, yaliyobuniwa na Mario Maccaferri na kuanza kutengenezwa mwaka 1932, yalitengenezwa kwa ajili ya sauti kubwa, na yanamjibu mtu anayeangusha mkono. Ukiyapapasa yananuna.

Vifaa sitavisemea sana. Piki iwe nene. Wengi wanatumia milimita tatu na kuzidi, maana nyembamba inapinda na kukunyang'anya ule uzito. Nyuzi ziwe nyepesi, za shaba iliyopakwa fedha, unene wa namba kumi au kumi na moja. Gitaa lolote kavu linafaa kwa kuanzia. Asikudanganye mtu kwamba lazima ununue lenye tundu la umbo la D kama Selmer za mwanzo.

Jambo ambalo wengi huliruka ni ridhimu, ile wanayoiita la pompe. Katika familia za Wasinti na Wamanouche, jamii za Kijipsi za Ulaya, mtoto huanzia hapo, anawapigia wakubwa, na muziki unamwingia kwa masikio. Django mwenyewe hakujua kusoma noti. Ni kifundo kilekile, mkono uleule unaoelea. Pigo la kwanza na la tatu hukaa kidogo, la pili na la nne hukatwa kavu kwa kulegeza vidole vya kushoto mara tu baada ya kupiga. Nikipiga ridhimu dakika ishirini kabla ya kugusa solo, mkono unakuwa umeshalegea wenyewe. Nikianza na solo, bega linapanda, na bega likipanda hakuna kinachoanguka tena.

Mkono wa mbele ukianza kuuma, acha. Siongelei uchovu wa kawaida, naongelea ule mshiko unaopanda hadi kwenye kiwiko. Maana yake unasukuma. Mimi hushusha metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, hadi sitini kwa dakika na kubaki na uzi mmoja, chini tu, nikisikiliza ule mgoto mdogo wa piki ikitua kwenye uzi wa jirani. Ule mgoto ukipotea, hata noti zikiwa sahihi zote, pigo limeshakuwa jingine.

Kwa sasa kupanda kunanitii kwa kasi yoyote ninayoihitaji. Kushuka, zaidi ya mia mbili kwenye metronomu, bado nachagua njia kwa uangalifu. Msikilize Stochelo Rosenberg, Msinti wa Uholanzi, akishuka kutoka juu kabisa ya shingo, halafu uniambie kama umesikia ule mruko. Mimi siusikii, na najua upo.