Bwawa la nyuma ya nyumba: samaki 17, wakabaki 11

Wiki ya 1, Jumamosi

Leo wakati wa kuwalisha nimehesabu mara tatu, na mara zote nimepata 11. Wiki iliyopita walikuwa 17. Samaki dhahabu hawahesabiki kirahisi, wanapishana, wanazama na kuibuka, ndiyo maana huwahesabu wakati wa chakula tu wakiwa wote juu. Lakini hata nikikubali kwamba nimekosea kwa mmoja au wawili, sita ni wengi mno.

Vipimo, kwa ambaye hakufuatilia tangu mwanzo: urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 45. Maji ni kama lita 2,000. Nililichimba mwenyewe kwa sepetu, nikatandika turubai la bwawa, na kuzunguka pande zote nikaacha kibaraza chenye upana wa sentimita 30, kikiwa sentimita 20 chini ya uso wa maji, cha kuwekea vyungu vya mimea. Kibaraza hicho nilikiringia sana. Kila mgeni nilimwonyesha.

Mshukiwa ni paka wa jirani. Hukaa ukingoni jioni nzima akichovya mkono majini.

Jumatatu

Nimepanga mawe bapa ukingoni yakichomoza juu ya maji kama sentimita 15, ili mkono wa paka usifike. Paka ameyapenda sana, analala juu yake yakishapata jua. Samaki ni 10.

Nilimweleza mwenye paka, akacheka. "Jirani, huyu panya tu wanamshinda, samaki atawaweza wapi?"

Alhamisi

Nadhani nimemsingizia paka. Siku zote nimekuwa nikitafuta mabaki kwenye nyasi: magamba, kichwa, damu juu ya jiwe. Sikupata kitu, nikadhani mwizi ni msafi. Lakini paka hali namna hiyo. Anayemeza samaki mzima mzima ndiye asiyeacha kitu.

Leo nimeona mambo mawili. Yule mweupe mwenye doa la rangi ya chungwa ana jeraha mgongoni, kama aliyechomwa na kitu chenye ncha kisha akaponyoka. Na kwenye tope karibu na vyungu pana unyayo: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, mrefu kupita kiganja changu.

Nimefunga simu ya zamani kwenye mti, kamera ikitazama maji.

Ijumaa

Saa 12 na dakika 9 asubuhi: korongo wa kijivu.

Nimeitazama ile video mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Hatui majini. Anatua kwenye nyasi, mbali kidogo, anasimama kuangalia nyumba. Halafu anatembea polepole hadi ukingoni, anavuka mawe yangu kana kwamba hayapo, anashuka kwenye kibaraza. Maji yanamfika nusu ya mguu. Anakunja shingo, anaganda. Dakika 14 hajatikisika hata kidogo, mpaka nikafikiri simu imekwama. Kisha shingo inafyatuka kama manati, na samaki yuko mdomoni. Shingo ya jamii hii ya ndege ina pingili ya sita iliyoumbwa tofauti na nyingine, ndiyo inayomwezesha kuikunja hivyo na kuifyatua. Kinachonishangaza zaidi ni shabaha. Maji hupindisha mwanga, samaki aliye chini sentimita 20 ukimtazama toka juu unamwona kama yuko 15. Mimi kwa kichoteo hukosa mara nne kati ya tano. Yeye alipiga mara moja.

Mke wangu alitazama hadi mwisho, akasema: "Umemwandalia meza, na kiti umempa."

Alikuwa anasema juu ya kibaraza. Nilimwelewa palepale, ila kurekebisha hilo kulimaanisha kumwaga maji yote na kuchimba upya, kwa hiyo nikaanza na njia za mkato. Nimeziandika hapa zote, hata zinazoniaibisha.

Wiki ya 2

Korongo wa plastiki. Wanaouza wanasema korongo hapendi kuvua karibu na mwenzake. Siku nne hakuonekana. Siku ya tano kamera ilimnasa amesimama kando ya yule wa plastiki, bega kwa bega, wote wawili wakitazama upande mmoja. Binti yangu amewapa majina. Samaki ni 9.

Wanasema umhamishe kila siku ili aonekane hai. Nilijaribu siku tatu, nikaona nimeajiriwa na mwanasesere.

Wiki ya 3

Uzi. Hii ina mantiki, kwa sababu inategemea tabia yake ya kutembea kuingia majini. Nimepigilia vigingi kila baada ya mita moja kuzunguka bwawa, nikakaza nyuzi mbili za nailoni ya kuvulia samaki, wa chini kwa kimo cha sentimita 15, wa juu 35. Uzi haumuumizi. Anagusa kitu asichokiona, anashtuka, anaondoka.

Jumatano alikuja, akagusa, akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Alhamisi vivyo hivyo. Nikashangilia mapema. Nailoni hulegea ikipigwa jua, na Jumapili uzi wa juu ulikuwa umelala juu ya ule wa chini, naye akauvuka kwa hatua moja. Nilimkuta mwenyewe, nikatoka mbio na ndala moja. Hakuondoka na kitu.

Uzi nimeukaza tena na nitaubakiza. Lakini ni kazi ya kila wiki, na mimi najijua.

Jirani (yule yule wa paka) alishauri mtego. Nimekataa. Katika nchi nyingi ndege hawa wanalindwa na sheria, na hata pasipo sheria, ukimwondoa mmoja mahali penye riziki rahisi, mwingine atapaona.

Wiki ya 4

Wavu. Kila mtu huishia hapa, nami nikaishia hapa vibaya. Niliutandaza moja kwa moja juu ya maji, matundu ya sentimita 5, ncha nikazikandamiza kwa mawe. Makosa matatu kwa mpigo. Majani ya mti yaliujaza, ukalemea ukaingia majini. Matundu ni mapana kuliko mdomo wa korongo, kwa hiyo aliweza kudonoa kupitia hapo hapo. La tatu ndilo lililonikera: asubuhi ya Jumanne nilikuta shomoro amenaswa miguu yote miwili na bawa moja. Nilikata nyuzi kwa mkasi wa kucha, dakika ishirini, moyo wake ukidunda mkononi mwangu. Aliruka, lakini wavu ule niliung'oa siku hiyo hiyo.

Wavu ukiwa mlegevu ni mtego, haijalishi uliununua kwa nia gani. Ukitaka kuuweka, tengeneza fremu, uukaze kama ngozi ya ngoma, uuinue angalau sentimita 30 juu ya maji, na matundu yasizidi sentimita 2. Nilitengeneza fremu ya namna hiyo. Ilifanya kazi vizuri kabisa. Ila kila nikikaa na chai yangu jioni naona fremu, sioni maji.

Jambo jingine la wiki hii: samaki hawaji kula. Siku ya tisa sasa. Natupa chakula kinaelea mpaka kinalowa, wao wamejibana chini ya chungu. Mwaka 1938 Karl von Frisch, mwanasayansi aliyechunguza jinsi nyuki wanavyopashana habari kwa kucheza ngoma, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza kwamba ngozi ya samaki fulani wadogo, wa ukoo wa karibu na hawa wangu, ikichanika hutoa kemikali majini, na wenzake wakiinusa hukimbilia mafichoni. Kwa hiyo yule mwenye jeraha mgongoni hakuumia peke yake. Nimepunguza chakula hadi chembe chache, maana kinachooza chini hugeuka amonia, na hiyo ingewaua bila msaada wa korongo.

Wiki ya 6: nachimba

Mke wangu hakusema "nilikwambia". Alileta tu koleo la pili.

Mpango ni huu: kina sentimita 90, kibaraza kiondoke, kuta ziwe karibu wima. Korongo ni wa kusimama, hapigi mbizi. Asipokuwa na mahali pa kusimama majini hana kazi hapa.

Nusura nikosee turubai. Nilidhani lile la zamani lingetosha kwa sababu urefu na upana havibadiliki. Hesabu ni urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kukunjia ukingoni. Kwa bwawa jipya ni mita 5.4 kwa 4.4. Langu lilikuwa 4.5 kwa 3.5. Bahati nilipima kabla ya kuchimba.

Samaki 9 wamekaa siku nne kwenye tangi la lita 500 lenye maji yao wenyewe ya zamani, pampu ya hewa ikinguruma, wavu juu (samaki dhahabu akiwa na wasiwasi huruka nje, usidanganyike na upole wake). Katika kumwaga maji nilikuta kwenye matope madudu ya kahawia, marefu kama kiungo cha kidole: watoto wa kereng'ende. Hawa huishi majini miezi, wengine miaka, na mdomo wao wa chini hufyatuka kunasa kinachopita, vifaranga vya samaki wakiwemo. Nikaelewa kwa nini mayai ya mwaka jana hayakuzaa kitu. Niliwahamishia kwenye beseni la mimea. Kereng'ende wakubwa hula mbu, sikutaka ugomvi nao.

Udongo uliotoka ni zaidi ya mita 3 za ujazo. Sitaandika lolote juu ya mgongo wangu. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, unashika, kwa hiyo kuta nimeziinamisha kidogo tu; mwenye mchanga asiige hili bila kujengea ukuta.

Mimea ya majini sasa imo kwenye vikapu vya plastiki juu ya kreti zilizopinduliwa, katikati kabisa, mbali na ukingo. Yungiyungi zikitanda nataka zifunike karibu nusu ya uso. Kwa maficho nilitaka kutumia matofali mapya ya saruji, nikaacha: saruji mbichi hutoa chokaa na kupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji). Nimekata mabomba ya plastiki yenye upana wa sentimita 15, vipande vinne vya nusu mita, nikayalaza chini.

Maji mapya niliyaacha wazi siku mbili nikiyatibua ili klorini itoke. Angalia kwanza unachowekewa kwenye maji yako, kwa sababu kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) haiondoki kwa kusubiri, hiyo hutaka dawa yake.

Kuta wima zina ubaya wake. Chura au mnyama mdogo akitumbukia hatoki, hivyo nimeegemeza ubao wenye uso wa kukwaruza kwenye kona moja, mwembamba mno kwa miguu ya korongo. Na sentimita 90 ni kina cha kumzamisha mtoto. Nimetandaza wavu mgumu wa chuma juu ya maji upande ule watoto wanakochezea, umeshikwa na nguzo imara, na geti la uwani sasa lina komeo la juu.

Wiki ya 7

Alikuja Jumanne. Akatembea ukingo mzima, mara mbili. Akainama kupima kwa mguu mmoja, akakuta hakuna kitu, akaurudisha. Upande wenye wavu wa chuma kuna uzi, akaugusa, akaruka. Alikaa juu ya paa la banda nusu saa, kisha akaenda zake. Samaki ni 9.

Wiki ya 9

Vifaranga! Nimehesabu kama 20, weusi weusi bado, hawajapata rangi. Siku mbili baadaye, mdiria.

Kwa huyu kina si kitu, yeye hujitupa kichwa mbele toka juu. Kituo chake kilikuwa mpini wa kichoteo nilichokisahau kimesimama kando ya maji. Akapata kifaranga, akakigongagonga kwenye mpini, akameza. Nimeondoa kichoteo na nimekata tawi lililoning'inia. Ile fremu ya wavu nimeikata nusu, inafunika pembe yenye mimea ambako vifaranga hukaa. Kwingine kote maji yako wazi.

Anakuja bado, mara moja moja. Samaki wakubwa hawawezi. Ni mzuri mno, na vifaranga ni wengi kuliko bwawa litakavyobeba. Korongo sikumwonea huruma hii, najua.

Wiki ya 11

Leo wakati wa chakula wamekuja 8. Nikasubiri. Mwenye kovu mgongoni ametoka bombani wa mwisho, akazunguka chini ya yungiyungi, akapanda. Tisa. Vifaranga watatu wameanza kugeuka rangi ya chungwa.

Uzi wa juu umelegea tena.