Ukiwa safarini, macho yasilale

Juzi nilikua kwa matatu natoka Malindi naenda Mombasa, mbele yangu kaketi msichana mdogo, kumi na tano sidhani kama amefika, kando yake jamaa mmoja ndo anamjibia kila kitu, hata konda akimuuliza washukia wapi jamaa anadakia, na simu ya mtoto kaishika yeye. Labda ni mjombake, sijui, ila roho ilikataa. Nikamuuliza polepole, mwanangu waenda wapi? Akamwangalia yule kwanza, ndo akasema kaahidiwa kazi ya nyumba. Nyumba ya nani? Hajui.

Sikuleta fujo, ukimshtua mtu kama huyo anateremka njiani na mtoto wa watu ndo basi tena. Kilifi nikashuka kama nanunua korosho, nikasoma namba ya gari nikapiga 116, laini ya watoto, bure kabisa. Sheria ya Kenya ya 2010 ya kupambana na biashara haramu ya binadamu yasema miaka isiyopungua 30 ndani ama faini isiyopungua shilingi milioni 30, si mchezo.

Na nyinyi wageni, mkiona mtu mzima aingia gesti na katoto si kake, msiseme ati ndo Malindi hiyo. Pigeni.