Swali lililomezwa na jibu

Dodoma, Jumapili usiku

Nimerudia kusoma jaribio la 1988 la Nancy Pennington na Reid Hastie, wanasaikolojia wa Marekani. Ushahidi ulikuwa wa kesi moja ya mauaji, kilichobadilishwa ni mpangilio tu. Mashtaka yalipopangwa kama kisa chenye mtiririko na utetezi ukaletwa vipande vipande, shahidi baada ya shahidi, asilimia 78 ya washiriki walimtia mshtakiwa hatiani. Mpangilio ulipogeuzwa, wakabaki asilimia 31.

Utasikia watu wakisema hayo ni ya huko, wanakoamua raia wa kawaida. Hapa anaamua hakimu aliyesomea. Sikubali. Kwetu kisa huanza kusukwa kwenye kalamu ya hakimu huyohuyo. Kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (toleo la 2022) kinataka ushahidi kwa kawaida uandikwe kama maelezo, si swali na jibu.

Chukua unyang'anyi wa usiku. Wakili wa Serikali anauliza: "Kwa mwanga wa taa ile, ulimtambua vizuri mshtakiwa?" Shahidi: "Ndiyo." Kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu iliyoandikwa ya kesi, inasomeka: "Nilimtambua vizuri mshtakiwa kwa mwanga wa taa." Shahidi katamka neno moja tu, sentensi nzima ni ya wakili, na swali elekezi, lile linalomwekea shahidi jibu mdomoni, halionekani tena. Rufaa inasikilizwa kwa karatasi hiyo.

Ndiyo faida ya kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri (1980), kuhusu shahidi kumtambua mshtakiwa. Mahakama ya Rufani ilitaka undani: alimtazama kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, aliwahi kumwona kabla? "Taa" peke yake haitoshi. Koroboi au tyubu? Ilikuwa wapi, na nani alisimama katikati?

Kwa wakili wa utetezi, pingamizi dhidi ya swali elekezi litoke kabla shahidi hajafungua mdomo, tena liandikwe. Ukichelewa, omba swali na jibu viandikwe vilivyo; kifungu hichohicho kinampa hakimu hiari hiyo. Shahidi naye ana haki ya kusomewa ushahidi wake, na akiwa na la kusema liandikwe. Hapo ndipo watu huharakisha, hasa shahidi akiwahi basi la Mpwapwa.

Shahidi akizungumza Kigogo, mkono wa tatu umeingia kwenye kisa. Angalia kama mwenendo unaonyesha mkalimani ni nani, aliapishwa lini, na anatafsiri kutoka lugha ipi kwenda ipi.